Thamani ya Chuma Kilichotupwa

Neno taka ni neno fupi, lakini limebeba hukumu nzito. Jiwe ni jiwe, maji ni maji, na chuma ni chuma, watu wawepo au wasiwepo. Taka si hivyo. Hakuna mti uzaao taka, wala hakuna mgodi ambamo taka huchimbwa. Kitu huwa taka siku ile mtu asemapo, "Hiki sina haja nacho tena," kisha akakitupa. Basi taka si jina la kitu, bali ni jina la hukumu ambayo mtu ameitoa juu ya kitu. Na kwa kuwa hakimu ni mtu, na mtu hukosea, yatupasa kuuliza: hukumu hiyo ikiwa na kosa, ni nani atakayekata rufani kwa ajili ya kitu kisicho na ulimi?

Katika dunia yetu wako watu wakatao rufani hiyo kila siku. Mmoja wao ni fundi atengenezaye sanamu kwa vyuma vikuukuu na vitu vilivyookotwa. Wengi huiona kazi yake kuwa mchezo wa mtu asiye na shughuli. Kwa maoni yangu ni shule, na somo lake ni namna ya kuhukumu vitu na, zaidi ya vitu, watu.

Tuanze na mahali. Njoro ni mji mdogo karibu na Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kenya, kwenye nyanda zinazopanda kuelekea Mau. Reli itokayo Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapita Njoro, ikaupanda Mau, na mwaka 1901 ikawasili Kisumu. Nyuma ya reli walikuja walowezi, na walowezi walileta kilimo cha ngano katika mashamba makubwa. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu bora za ngano kilianzishwa Njoro, na mwaka 1939 Bwana Egerton wa Tatton alianzisha hapo shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Ngano ya mashamba makubwa hailimwi kwa jembe la mkono. Hutaka matrekta, plau za sahani, mashine za kupanda na mashine za kuvuna. Kila mashine ina siku yake ya kununuliwa, na ina siku yake ya kuachwa. Sahani ya plau husuguliwa na udongo msimu baada ya msimu hata ikalika, ikawa ndogo, isiweze tena kugeuza tuta. Minyororo hulegea, springi huvunjika, beringi hupasuka, mapipa hutoboka. Kwa hiyo nchi ya namna hii huvuna mavuno mawili: ngano, na chuma kilichochoka. Mavuno ya kwanza hujengewa ghala. Mavuno ya pili hulala nyuma ya karakana, katikati ya nyasi, na kutu huyala polepole bila haraka na bila huruma.

Sasa na tumweke mbele ya macho ya fikira fundi mmoja wa sehemu hizo. Si mtu fulani. Ni mfano tu, lakini mfano wake u karibu na maisha. Ana kibanda cha mabati, mashine ya kuchomelea, nyundo, tindo, tupa, na kinyago chenye kioo cheusi cha kukinga macho. Mchana hutengeneza milango na madirisha, na huunga toroli zilizovunjika. Hiyo ndiyo riziki yake. Jioni huketi mbele ya lundo lake la vyuma. Huinua sahani ya plau iliyolika, akaigeuza huku na huku. Mpita njia huona sahani isiyofaa kitu. Fundi huona gamba la kobe. Spana iliyopinda, kwake, ni mdomo wa ndege. Springi ya pikipiki ni shingo. Nondo mbili nyembamba ni miguu ya heroe, yule ndege wa rangi ya waridi ajulikanaye sana katika Ziwa Nakuru. Kabla ya usiku kuingia, vitu vitano vilivyokuwa havina ukoo wala udugu vimekuwa kiumbe kimoja.

Mfano huu si njozi. Kenya inamjua Kioko Mwitiki, aliyejipatia sifa nyumbani na ng'ambo kwa sanamu za wanyama, hasa ndovu, zilizoundwa kwa vyuma chakavu, nyingine zenye kimo cha mnyama mwenyewe aliye hai. Inamjua pia Cyrus Kabiru wa Nairobi, aundaye miwani za ajabu kwa waya na vitu alivyoviokota. Huko Ufaransa, mwaka 1942, Pablo Picasso alitwaa kiti cha baiskeli na usukani wake, akaviunga pamoja, na vitu hivyo viwili vikawa kichwa cha fahali chenye pembe zake.

Na tusimame kidogo mbele ya fahali huyo, maana ndani yake limo swali letu zima: thamani ya kitu hutoka wapi? Mtu wa kwanza atajibu kuwa hutoka katika mada ya kitu. Huyu ni mnunuzi wa vyuma, na hoja yake ni mizani: kilo moja ya sanamu na kilo moja ya misumari iliyopinda kwake ni sawasawa. Mtu wa pili atajibu kuwa hutoka katika matumizi: kiti cha baiskeli kina thamani madhali kinakaliwa, na sahani ya plau ina thamani madhali inalima. Majibu yote mawili yana kweli ndani yake, lakini hayatoshi. Fahali wa Picasso hakuongezwa uzito wowote juu ya uzito wa kiti na usukani, na matumizi ya kwanza ya vitu hivyo yalikoma. Hata hivyo, kila amwonaye hujua kuwa kitu kimezidi. Kilichozidi ni uangalifu wa mtu. Uzuri ule ulikuwa umejificha katika mambo yawezekanayo, ukingoja jicho la kuuona na mkono wa kuutoa.

Nasema jicho na mkono, kwa sababu jicho peke yake huishia katika ndoto. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chuma huyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, na fundi hana budi kulitawala joto hilo kwa mkono usiotetemeka. Lazima ajue tabia ya kila kipande. Chuma cha kalibu, kikipata joto la ghafula kisha kikapoa upesi, hupasuka. Mabati yaliyopakwa zinki, yakichomwa, hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu. Kutu isiposuguliwa, kiungo hakishiki. Kwa hiyo mtu hawezi kukiokoa kitu asichokijua. Huruma isiyo na maarifa hukiunguza kile ilichotaka kukiponya. Neno hili tuliweke akilini, kwa maana tutalihitaji tutakapofika kwa watu.

Lakini haki yataka tuwasikilize wapinzani pia. Jirani wa fundi husimama mlangoni akasema: "Sanamu hii hailimi, haipiki, wala haikingi mvua. Katika nchi yenye watu wahitaji, mbona chuma na umeme vitumike kwa ndege asiyeruka?" Hoja hii si ya kuchekwa. Ni kweli kwamba sufuria iliyotoboka yafaa izibwe kwanza, na jembe liwezalo kulima tena lirudi shambani. Fundi mwenye busara hufuata taratibu hiyo: kinachotengenezeka hukitengeneza, na kile tu ambacho kazi yake ya kwanza imekwisha kabisa hukipa kazi ya pili. Lakini jirani anakosea anapodhani kuwa uzuri ni anasa ya walioshiba. Katika bonde la Mto Njoro iko pango ambayo Louis na Mary Leakey waliichimba mwaka 1938. Humo walizikwa watu walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita, wasiojua chuma. Kando ya mifupa yao vilipatikana mabakuli ya mawe na michi ya kusagia, vyombo vya kazi na chakula. Pamoja na hivyo zilipatikana shanga za mawe magumu, zilizosuguliwa na kutobolewa kwa saburi kubwa. Shanga haisagi nafaka. Walakini watu wale, ambao maisha yao yalikuwa magumu kuliko yetu, waliona kuwa maiti asiende na bakuli peke yake. Basi haja ya uzuri ilikuwapo Njoro kabla ya plau, kabla ya reli, na kabla ya ngano.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito zaidi. Yeye huuliza: "Una hakika gani kuwa kitu hicho kimetupwa?" Katika swali hili sanaa hugeuka ikawa jambo la uadilifu. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za njia kubwa ya umeme itokayo Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Lawama ziliwaangukia waharibifu wa nguzo, na mwezi ule ule Serikali ikaisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, ingawa tangu mwaka 2015 ilikuwapo sheria ya kuisimamia. Nguzo ya umeme haikuwa imetupwa na mtu. Ilikuwa kazini, ikibeba mwanga wa hospitali, wa viwanda na wa wanafunzi waliokuwa wakisoma. Aikataye nguzo hiyo apate kuiuza kwa kilo ameigeuza mali ya wote kuwa taka kwa tamaa ya mmoja. Mvunja nchi ni mwananchi.

Historia, lakini, hutuonya tusihukumu kwa pupa hata hapa. Reli na waya za simu zilipopita katika nchi ya Wanandi, magharibi ya Mau, waya zilikatwa zikawa mapambo, na bolti zikafuliwa silaha. Wakoloni waliliita jambo hilo wizi. Wanandi nao waliona kuwa reli yenyewe ndiyo iliyoingia nyumbani kwao bila kubisha hodi. Wakapigana miaka mingi, hata kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa mwezi wa Oktoba mwaka 1905. Waya wa Wanandi na nguzo ya mwaka 2022 si jambo moja. Waya ulikatwa na watu walioutetea uhuru wa wote. Nguzo ilikatwa na watu walioyauza manufaa ya wote. Kipimo, basi, ni maswali mawili: kitu hiki ni cha nani, na nikikichukua, ni nani atakayeumia? Fundi asiyeuliza maswali hayo, hata sanamu yake ingekuwa nzuri kama mwezi, ameujenga uzuri wake juu ya msingi wa dhuluma.

Iko sifa moja zaidi ya sanaa hii, nayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Fundi haifichi asili ya vyuma vyake. Spana ikiwa mdomo wa ndege, bado yaonekana kuwa ni spana. Mtazamaji huona mambo mawili kwa wakati mmoja: kilivyokuwa na kilivyo. Huko Msumbiji, baada ya vita kwisha mwaka 1992, Baraza la Wakristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kukusanya silaha. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli, cherehani au chombo kingine cha kazi. Bunduki zilikatwakatwa zisiweze kuua tena, na baadhi ya vipande vikapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kwa jina la Kester, aliunda kwa vipande hivyo kiti cha enzi mwaka 2001, na leo kiti hicho kimo katika jumba la makumbusho la Uingereza lililoko London. Angetaka, angeviyeyusha vipande vyote vikawa chuma kisicho na kumbukumbu. Hakufanya hivyo. Mitutu na vitako vya bunduki vimebaki machoni pa watu, ili akitazamaye kiti ajue kuwa amani haikuanguka kutoka mbinguni, bali iliundwa kwa vitu vile vile vilivyotumika kuua. Kuokoa kitu si kuyafuta yaliyopita. Ni kuyakubali, kisha kuyanyima mamlaka juu ya yajayo.

Na sasa tutoke kwa vyuma twende kwa watu, maana ndiko njia hii ilikokuwa ikituongoza. Binadamu huwatupa binadamu wenzao kwa urahisi kuliko wanavyotupa sahani za plau. Nchi ya Njoro na Nakuru ilikuwa malisho ya Wamaasai kabla ya mapatano ya mwaka 1904 yaliyowaondoa. Katika desturi yao ya zamani wahunzi, walioitwa Ilkunono, walitengwa na kuhesabiwa najisi, wala watu wa koo nyingine hawakupenda kuoana nao. Lakini mkuki uliolinda ng'ombe na sime iliyoning'inia kiunoni mwa morani zilitoka katika mikono hiyo hiyo iliyodharauliwa. Tusiwacheke wa kale. Sisi nasi tuna jalala letu. Humo tumemtupa aliyetoka gerezani, mlevi aliyekwisha kuacha pombe, mzee asiyeweza tena kulima, msichana aliyekatizwa masomo, na mvulana aliyeshindwa mtihani.

Huyu wa mwisho nawataka wasomaji wa umri wenu wamfikirie zaidi. Mtihani ni mizani, na mizani ina faida yake. Lakini mizani hupima jambo lile tu iliyoundwa kulipima. Mnunuzi wa vyuma hakosei asemapo kwamba sanamu ina kilo 40. Hukosea akidhani kuwa kwa kusema hivyo amemaliza yote yawezayo kusemwa juu yake. Kadhalika mwalimu hakosei aandikapo alama ndogo kwenye karatasi mbaya. Kosa huanza pale alama ya karatasi inapogeuzwa kuwa alama ya mtu. Mbaya zaidi ni pale mwenye karatasi mwenyewe anapoikubali hukumu hiyo, akajitupa kabla hajatupwa na wengine.

Hata hivyo tujihadhari tusiuvute mfano kupita nguvu zake. Mtu si chuma. Chuma hakisikii uchungu kikitupwa, na mtu husikia. Chuma humngoja fundi bila hiari yake. Mtu hawezi kuundwa upya na mwingine ikiwa mwenyewe hataki, kwa kuwa ndani ya kila mtu fundi na chuma huishi pamoja. Tena chuma hakidaiwi toba, lakini mtu aliyewadhulumu wenzake hudaiwa: kumpokea hakumaanishi kusema kuwa dhuluma yake haikuwapo. Ndiyo maana kile kiti cha Msumbiji ni mwalimu mwema: kimepokelewa, lakini mitutu haikufichwa. Na kama fundi alivyohitaji kukijua chuma cha kalibu kabla ya kukitia moto, vivyo hivyo atakaye kumwinua mwenzake hana budi kwanza kumjua, asije akampasua kwa wema usio na maarifa.

Wazee wetu hutuambia, samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo ni la hekima, na wazazi na walimu wanalitumia kwa haki. Lakini lisifanywe hukumu ya mwisho juu ya waliokwisha kukauka. Samaki mkavu ukimkunja huvunjika. Chuma hakina sheria hiyo. Chuma cha miaka 50, kilicholala mvuani na kuliwa na kutu, kikirudishwa motoni hutii kama siku kilipotoka kiwandani. Hakitakuwa tena kile kilichokuwa. Sahani iliyolika hairudi kuwa plau. Lakini yaweza kuwa kitu ambacho plau haikuota kuwa. Ni juu yetu kuchagua kama katika kuwahukumu wanadamu tutaikumbuka methali ya samaki peke yake, au tutaweka kando yake ushahidi wa chuma.

Basi, msomaji, siku utakapoinua mkono kutupa kitu, uchelewe kidogo, ujiulize kama umekwisha kukitazama. Na siku utakapokuwa karibu kusema juu ya mtu, "Huyu hafai," uchelewe zaidi. Dunia ina mahakimu wengi wa kutoa hukumu ya kwanza. Wanaohitajika ni wale wachache wenye saburi ya kuisikiliza rufani.